Hila ya mpira na hila ya watu

Swali la msomaji: "Naishi Columbus, Ohio, na kijana wangu ameanza kucheza futiboli ya Kimarekani shuleni. Tulitazama pamoja marudio ya mechi ya Oklahoma na Auburn ya Septemba 2025, ile ya mchezaji aliyejifanya anatoka uwanjani kumbe yumo, akapewa mpira na kufunga. Ligi yenyewe ikatangaza kwamba waamuzi walikosea, lakini pointi zikabaki. Mwanangu anasema hila ni sehemu ya mchezo. Mimi naona ni wizi. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kosa likishakiriwa, kwa nini halirekebishwi?"

Jibu:

Kwa tukio lile, ndugu yangu, wewe ndiye uliye sahihi. Kwa mchezo kwa jumla, mwanao ana hoja, na usimvunje moyo, maana futiboli bila hila ni watu wazito wanaogongana tu. Mpaka kati ya yale mnayosema umeandikwa kwenye kitabu cha sheria cha NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Ukishauelewa hutababaika tena ukiona mchezo wa ajabu kwenye televisheni.

Tuanze na tukio lenyewe. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2025, mjini Norman, kwota ya pili. Oklahoma walikuwa wakibadilisha wachezaji, na mpokeaji wao Isaiah Sategna akaelekea benchi kama mtu anayepumzishwa. Akasimama hatua chache kabla ya mstari wa pembeni, mgongoni pake kukiwa na umati wa wenzake wenye jezi ile ile. Mlinzi anayetazama kutoka katikati ya uwanja hawezi kwa urahisi kumtenganisha na watu wa benchi. Snapu ikatoka, yaani senta, mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele, akaurudisha mpira nyuma kwa kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi. Kwotabeki huyo, John Mateer, akamkuta Sategna peke yake, akamrushia, tachidauni ya yadi 24, yaani mpira ukafikishwa eneo la mwisho wa uwanja kwa pointi 6. Oklahoma walishinda 24 kwa 17. Tofauti ni pointi 7, na tachidauni pamoja na nyongeza yake ni pointi 7 hizo hizo, kwa hiyo uchungu wa Auburn unaeleweka.

Baada ya mechi, ligi ya SEC ikasema wazi kwamba mchezo ule haukupaswa kuhesabiwa. Sheria inakataza kuigiza mabadiliko ya wachezaji ili kuwachanganya wapinzani, na tafsiri yake inataja waziwazi mbinu ya kujificha, awe ameingia mchezaji mpya au hakuingia. Adhabu yake ni yadi 15 kwa utovu wa uanamichezo, zikihesabiwa kutoka pale mchezo ulipoanzia. Badala ya kupata pointi 6, Oklahoma walitakiwa kurudi nyuma.

Kwa nini sheria ni kali hivyo kwa jambo linaloonekana dogo? Kwa sababu futiboli hii inaruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo kati ya mchezo mmoja na mwingine (mchezo hapa ni jaribio moja, kuanzia snapu hadi mpira unaposimamishwa, si mechi nzima). Watu watatu wanatoka, watatu wanaingia, na walinzi wana sekunde chache tu za kuhesabu nani yumo na nani amlinde nani. Hesabu hiyo ikigeuzwa mtego, mlinzi hana la kufanya ila kumkimbiza kila anayekwenda kunywa maji. Ndiyo maana kuna sheria nyingine inayoisaidia hii: kabla ya snapu, kila mchezaji wa timu yenye mpira lazima awe amefika ndani ya alama za yadi 9 kutoka mstari wa pembeni. Ukitaka kuziona alama hizo, tazama namba kubwa zilizochorwa uwanjani. Ncha yake ya juu, ile ya upande wa katikati ya uwanja, ndiyo yadi 9. Inamzuia mtu kuchomoka benchini na kusubiri mpira pale pale. Lakini haimkamati aliyekuwa katikati kisha akajivuta pembeni taratibu, ndiyo maana katazo la kuigiza kutoka likahitajika.

Kanuni unayoweza kumpa mwanao ni hii: unaruhusiwa kumdanganya mpinzani kuhusu mpira uko wapi na unakwenda wapi. Huruhusiwi kumdanganya kuhusu nani yumo mchezoni, wala kuhusu kama mchezo unaendelea au umesimama. Ni kama soka letu. Chenga ni uongo wa mwili na hakuna anayeulalamikia, ila anayejiangusha ili filimbi ipulizwe anamdanganya refa na mchezo mzima.

Mfano bora wa hila halali ni Boise State dhidi ya Oklahoma, Fiesta Bowl ya tarehe 1 Januari 2007 huko Glendale, Arizona. Boise walikuwa nyuma kwa pointi 7, dauni ya nne, yadi 18 za kutafuta, sekunde 18 zimebaki. (Dauni ni nafasi: timu hupewa nne ili isogee yadi 10, ikishindwa inatoa mpira.) Kwotabeki Jared Zabransky akampa pasi Drisan James aliyekuwa akikatiza kuelekea katikati. Walinzi wote wakamfuata James. Kabla hawajamfikia akamwachia mpira Jerard Rabb aliyekuwa akikimbia upande wa pili, na Rabb akaenda nao hadi mwisho, yadi 50 kwa jumla. Muda wa nyongeza wakafunga kwa pasi iliyorushwa na Vinny Perretta, ambaye si kwotabeki. Kisha, wakitafuta pointi 2 za kumaliza mechi, wakatoa ile inayoitwa Sanamu ya Uhuru. Itazame polepole mkiwa na mwanao: Zabransky anainua mkono wa kulia na kuupeleka mbele kama anayerusha kwa wapokeaji watatu walio upande huo, lakini mkono huo ni mtupu. Mpira uko mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo, na Ian Johnson anapita na kuuchukua. 43 kwa 42. Hapo hakuna aliyeigiza kutoka wala aliyeufunika mpira. Kila mlinzi alikuwa na macho na mpira ulikuwa wazi, ila alitazama mkono usiokuwa na kitu.

Kuufunika mpira ni jambo jingine. Mwaka 1903, timu ya Carlisle ilipocheza na Harvard, mpira uliingizwa ndani ya jezi ya mgongoni ya Charles Dillon, naye akatembea nao hadi mwisho wa uwanja huku Harvard wakiwakamata watu wengine. Wakati ule ilihesabiwa, ingawa Harvard walishinda 12 kwa 11. Leo sheria inakataza kuficha mpira ndani au chini ya nguo na vifaa, na pia kutumia kitu kingine badala ya mpira. Vivyo hivyo kwa mpira unaoachwa chini makusudi karibu na senta ili mchezaji wa mstari wa mbele auokote. Nebraska walifunga hivyo kwa Dean Steinkuhler dhidi ya Miami kwenye Orange Bowl ya Januari 1984, kisha mbinu hiyo ikapigwa marufuku.

Sasa maeneo ya utata, maana kanuni niliyokupa inajaribiwa huko. Septemba 2018, Keegan Brewer wa North Texas alipokea mpira wa teke dhidi ya Arkansas na kusimama tuli. Walinzi wakadhani ameomba kuudaka kwa amani, yaani asiguswe na mchezo usimame, wakaanza kuondoka. Akakimbia yadi 90 hadi tachidauni, na mechi ikaisha 44 kwa 17. Je, hakudanganya kwamba mchezo umesimama? Alisimama tu. Ishara ya kudaka kwa amani ni kupunga mkono juu ya kichwa, naye hakupunga hata kidole. Angepunga, hata kwa namna isiyokamilika, mpira ungekufa, yaani mchezo ungesimama, pale pale alipoudaka. Wapinzani walijidanganya wenyewe kwa kutosubiri filimbi, na hilo ni jukumu lao.

Linganisha na Kenny Pickett wa Pittsburgh, Desemba 2021, kwenye fainali ya ligi ya ACC dhidi ya Wake Forest. Alianza kama anayeteleza chini, miguu mbele. Kwotabeki akiteleza hivyo haruhusiwi kugongwa, kwa hiyo walinzi walijizuia. Akainuka na kukimbia, yadi 58, tachidauni. Siku chache tu baadaye waamuzi nchi nzima wakaelekezwa kwamba mchezaji akianza au akiigiza kuteleza, mpira umekufa hapo hapo. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Sheria inayomlinda mtu asivunjwe mbavu haiwezi kuwa chambo. Ukiiruhusu, safari ijayo mlinzi hatajizuia, na atakayeumia ni yule aliyeteleza kwa dhati.

Mantiki hiyo ndiyo iliyoleta sheria ya mwaka 2025 kuhusu majeraha ya kuigiza. Wahudumu wa afya wakiingia kumwangalia mchezaji baada ya waamuzi kuuweka mpira tayari, timu yake inakatwa taimauti moja, yaani nafasi ya kuomba mechi isimame kidogo. Ikiwa haina, inarudishwa yadi 5.

Kama kocha wa mwanao atataka hila moja ya kuanzia, nyingi huanza na pasi mbili, na inafaa ujue inavyoharibika. Dauni moja ina pasi moja tu ya mbele. Kwa hiyo kwotabeki huanza kwa kumrushia mpokeaji aliye pembeni, pasi ya nyuma, kisha mpokeaji huyo ndiye anayerusha mbele. Sheria ya vyuo inapima kutoka pale mpira unapoachiwa hadi pale unapoguswa kwa mara ya kwanza, na ukienda sambamba kabisa huhesabiwa kuwa wa nyuma. Tatizo ni kwamba mwamuzi akiwa na shaka karibu na mstari wa kuanzia, pale snapu inapotokea, ataihesabu kuwa ya mbele, na pasi ya pili inakuwa haramu: yadi 5 na dauni inapotea. Basi mpokeaji asisimame sambamba na kwotabeki. Arudi nyuma yake yadi moja na nusu au 2, ili hata akivutwa mbele na mpira bado kuna nafasi. Mtazame mwamuzi wa pembeni: akinyoosha mkono kuelekea nyuma, ameshaamua kwamba pasi ile ni ya nyuma. Ishara hiyo ina upande wake mchungu pia, kwa sababu pasi ya nyuma isipodakwa ni mpira hai na yeyote anaweza kuuokota. Ndiyo maana hila hii haifai siku ya mvua.

Kosa la pili ni la wachezaji wa mstari wa mbele. Kwenye vyuo hawaruhusiwi kupita yadi 3 mbele ya mstari wa kuanzia kabla pasi ya mbele haijatoka mkononi, na hila hii ni ndefu, kwa hiyo wenye hamu hupitiliza. La tatu ni la mpokeaji anayekusudiwa. Yeye huigiza kumzuia mlinzi, huhesabu mbili, kisha huchomoka. Aigize tu. Akimgusa na kumsukuma kabla mpira haujafika, ni kumwingilia mlinzi, yadi 15. Kumbuka pia kwamba shule za sekondari zina kitabu chao cha sheria, na vipimo vingine havilingani na hivi vya vyuo, kwa hiyo kocha ahakikishe kwanza.

Nije kwenye swali lako la pili, la makosa ya waamuzi. Kuna makosa ya aina mbili. La kwanza ni la jicho: mwamuzi hakuona, au aliona vibaya. La pili ni la sheria: aliona vizuri, akatumia sheria isiyo yake. Aina hii ya pili ndiyo inayoziumiza ligi zaidi, kwa sababu haiwezi kutetewa.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni Colorado dhidi ya Missouri, tarehe 6 Oktoba 1990, mjini Columbia. Mwamuzi wa futiboli huvaa mkononi ukanda mdogo unaonyumbulika wenye kitanzi, wa kuhesabia dauni. Dauni ya kwanza kitanzi kinakaa kidole cha shahada, ya pili kidole cha kati, kisha cha pete, kisha cha mwisho. Pembeni kuna mtu mwenye nguzo ya namba inayoonyesha ni dauni ya ngapi. Colorado walikuwa yadi 3 kutoka mwisho. Kwotabeki Charles Johnson akaupiga mpira chini kusimamisha saa, dauni ya kwanza. Eric Bieniemy akajaribu, akazuiwa, taimauti ikaitwa. Wakati wa taimauti hiyo nguzo haikubadilishwa. Tangu hapo hesabu ikawa nyuma kwa moja. Bieniemy akazuiwa tena. Johnson akaupiga mpira chini kwa mara nyingine, akiamini ni dauni ya tatu kumbe ni ya nne, na hapo mpira ulipaswa kuwa wa Missouri. Wakapewa ya tano, Johnson akaingia, 33 kwa 31. Waamuzi wakasimamishwa, matokeo yakabaki, na mwisho wa msimu Colorado wakagawana ubingwa wa taifa na Georgia Tech.

Kitabu kinamruhusu refa kurekebisha namba ya dauni wakati wowote ndani ya mfululizo huo, au kabla mpira haujachezwa kihalali baada yake. Dakika hiyo ikipita, imepita.

Kosa la sheria liliwapata Oklahoma State mwaka 2016. Wakiongoza 27 kwa 24 dhidi ya Central Michigan, dauni ya nne, sekunde 4, kwotabeki wao akautupa mpira mbali kusiko na mpokeaji ili saa iishe. Ni kosa, na waamuzi wakawapa Central Michigan mchezo mmoja wa ziada. Wakarusha mbali, mdakaji akampasia mwenzake, wakashinda 30 kwa 27. Lakini sheria inasema kipindi hakiongezwi kama adhabu ya kosa inajumuisha kupoteza dauni, na ile inajumuisha. Mechi ilikuwa imekwisha. Waamuzi wakasimamishwa mechi 2.

Duke nao, tarehe 31 Oktoba 2015, walikuwa mbele 27 kwa 24 zikiwa zimebaki sekunde 6. Miami wakapokea teke la kuanzia na kupasiana nyuma mara 8 hadi kufunga. Mmoja wao, Mark Walton, goti lake liligusa nyasi mpira ungali mkononi. Kwenye vyuo hilo linatosha: mwenye mpira akigusa chini kwa kiungo chochote kisicho kiganja au wayo, amekwisha, hata kama hakuguswa na mtu. Chumba cha video kilitazama karibu dakika 9 na bado kikaiacha. Ligi ya ACC ikawasimamisha waamuzi wote, wa uwanjani na wa video, kwa mechi 2 za ligi. Miami wakabaki na 30 kwa 27.

Matokeo hayarudishwi kwa sababu refa akishatangaza mechi imekwisha, kitabu kinasema alama ni za mwisho. Ligi inaweza kukiri na kuadhibu, lakini haichezi mechi upya mezani. Nalikubali hilo, ingawa linauma, kwa sababu mchezo wa kwota ya pili ukifutwa, kila kilichofuata nacho kilichezwa kwa kuutegemea. Njia iliyobaki ni ya hiari. Novemba 1940, Cornell waliifunga Dartmouth 7 kwa 3 kwa dauni ya tano. Refa Red Friesell akakiri baada ya filamu kutazamwa, na Cornell wakautoa ushindi wenyewe. Kumbukumbu zinasema Dartmouth 3, Cornell 0. Colorado walikuwa na nafasi hiyo hiyo miaka 50 baadaye, hawakuitumia.

Kinachobadilika ni sheria, wakati mwingine haraka sana. Wewe wa Columbus utaikumbuka Oktoba 2024, Oregon walipoweka walinzi 12 uwanjani dhidi ya Ohio State wa mjini kwenu. Yadi 5 walilipa, lakini saa ilishuka kutoka sekunde 10 hadi 6, na sekunde hizo ndizo Ohio State walizozihitaji. Waliondoka na 31 dhidi ya 32. Siku chache baadaye NCAA ikaelekeza kwamba baada ya taimauti ya dakika mbili za mwisho, timu iliyokosewa inaweza kuomba saa irudishwe.

Na video isingewasaidia Auburn. Chumba cha video kina orodha ya mambo kinayoruhusiwa kuyaangalia: goti, mstari, pasi kwenda mbele au nyuma, idadi ya wachezaji. Kuigiza kutoka ni kosa la uamuzi wa uwanjani na halimo. Kwa makosa yasiyomo kwenye orodha hiyo, kocha ana silaha moja tu, ambayo wengi huisahau. Akiamini sheria imetumika vibaya, anaweza kuomba kikao na refa kabla mpira haujachezwa tena. Refa akibadilisha, vizuri. Asipobadilisha, kocha anakatwa taimauti. Hailipi kwa malalamiko ya jicho, bali kwa swali la sheria, mfano "kipindi kinaongezwaje kwa kosa linalopoteza dauni?"

Kwa upande wa mwanao, akicheza ulinzi wa pembeni, awe na zoea moja: kabla ya kila snapu ahesabu hadi 11, na mtu wa mwisho kumtafuta awe yule aliye karibu na benchi la wapinzani. Asipompata, amwite kocha aombe taimauti. Akiwa kwenye timu inayotumia hila, kocha wake awaeleze waamuzi kabla ya mechi, wanapokuja kumsalimia na kumuuliza kama ana mchezo wowote usio wa kawaida. Awaonyeshe nani atasimama wapi na mpira utapita mikono ya nani. Kama ni halali, mwamuzi wa pembeni atakuwa amejiandaa na hatapuliza filimbi mapema akaua tachidauni nzuri. Kama si halali, ataambiwa hapo hapo, kabla ya kumgharimu mtu yadi 15.